Uache kazi ndipo uhame, au upate ndipo uache? Ulinganisho kwa anayetoka Mwanza kwenda Dar au Dodoma

Mtu aliyeajiriwa Mwanza na anataka kuhamia Dar es Salaam au Dodoma ana njia tatu za kuondoka. Anaweza kuacha kazi, akahama, akatafuta nyingine huko huko. Anaweza kutafuta akiwa bado kazini, akaacha siku barua ya ajira ikiwa mkononi. Au anaweza kutumia likizo yake ya mwaka kwenda kuupima mji, kisha akarudi kuamua. Zote tatu zina miezi mibaya ndani yake, miezi ambayo hela inatoka haiingii, au kazi ipo lakini bado haijakaa sawa. Tofauti ni mahali miezi hiyo inapoangukia na nani anaibeba.

Maelezo haya ni ya sekta binafsi, Tanzania Bara. Mtumishi wa umma ana sehemu yake huko chini. Mwanza ni mfano tu; aliyeko Mbeya, Tanga au Songea abadilishe nauli, mengine yanabaki yale yale.

Hesabu kabla ya hisia

Tuchukue mtu mmoja asiyehamisha familia. Chumba na sebule Sh200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele kama ilivyo kawaida ya miji hii. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Nauli na mzigo tuweke Sh400,000. Vitu vya kuanzia (kufuli mpya, ndoo, mapazia, waya wa umeme, jiko) Sh250,000. Kula, daladala na vocha Sh350,000 kwa mwezi. Safari ya kupima ya wiki tatu kwa ndugu, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, Sh450,000.

| | Kuacha, kisha kuhama | Kupata, kisha kuacha | Likizo ya kupima, kisha kupata |
|---|---|---|---|
| Safari ya kupima | – | – | 450,000 |
| Kodi ya miezi 6 | 1,200,000 | 1,200,000 | 1,200,000 |
| Dalali | 200,000 | 200,000 | 200,000 |
| Nauli, mzigo, vitu vya kuanzia | 650,000 | 650,000 | 650,000 |
| Matumizi hadi mshahara wa kwanza | 1,400,000 (miezi 4) | 525,000 (mwezi mmoja na nusu) | 525,000 |
| Jumla | 3,450,000 | 2,575,000 | 3,025,000 |
| Kazi ikikosekana | zote zimekwenda, na kazi ya zamani pia | hujatoa hata shilingi | umetoa 450,000, kazi ya zamani ipo |

Ukisoma jumla peke yake utaona njia ya kwanza haijaachana sana na ya tatu, Sh425,000 tu. Ndiyo maana wengi huichagua. Lakini mstari wa kuangalia ni ule wa mwisho. Tena miezi minne ya kutafuta ni kisio. Ikivuka mitano, kodi ya miezi sita inakaribia kuisha na mwenye nyumba anataka Sh1,200,000 nyingine kabla hujaona mshahara wowote. Hapo ndipo watu hukubali kazi yoyote, hata ya mshahara mdogo kuliko waliouacha. Anayetaka njia ya kwanza kwa usalama aanze na Sh4,650,000 taslimu, yaani jumla ile pamoja na kodi ya pili. Au apunguze kodi: atafute chumba kimoja, au mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu. Wapo, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu muda mrefu.

Sheria na siku ya kuondoka

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inagusa tarehe yako kuliko watu wanavyodhani. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi. Aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, siku 7. Mkataba unaweza kutaka siku nyingi zaidi, kwa hiyo soma wa kwako kwanza. Ukikataa kufanya kazi katika siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha mshahara wa siku hizo kwenye malipo yako ya mwisho.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni la likizo. Likizo ya mwaka ni siku 28, notisi nayo ni siku 28, basi mtu anaona amefumbua fumbo: anaomba likizo, anakwenda Dar, kutoka huko anatuma barua ya kuacha kazi. Sheria hairuhusu notisi kutolewa ukiwa likizo, wala notisi na likizo kwenda sambamba. Ofisi yenye afisa rasilimali watu makini itaihesabu notisi kuanzia siku uliporudi kazini, na usiporudi, itakata. Likizo na notisi ni siku 56, si 28. Mwajiri akikubali kukuachia mapema, sawa, lakini ipate kwa barua yenye sahihi. Maneno ya korido hayafiki kwa mhasibu.

Malipo ya mwisho nayo hutofautiana kufuatana na nani ameuvunja mkataba. Ukijiuzulu unalipwa mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo uliyoilimbikiza, ambayo huhesabiwa siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13. Aliyeanza mzunguko wake wa likizo Januari akaondoka mwisho wa Juni bila kuchukua likizo ana siku kama 14 za kudai. Likizo za miaka ya nyuma zilizolala bila kuchukuliwa ndani ya muda wa sheria zinaweza kukataliwa, kwa hiyo usizitie kwenye bajeti ya kuhama. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, ni cha anayeachishwa na mwajiri, si cha anayejiuzulu. Fao la kukosa ajira la NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Kutokana na hayo, ukisikia ofisini kuna mazungumzo ya kupunguza wafanyakazi, rudisha barua yako mfukoni. Mwenye miaka 6 akipunguzwa anapata siku 42 za mshahara wa msingi juu ya malipo mengine, na mlango wa fao unabaki wazi kama ametimiza masharti ya michango. Akijiuzulu wiki moja kabla, vyote viwili vimepotea. Wakati mwingine kuwahi ni hasara.

Mwenye mkataba wa muda maalumu, wa mwaka mmoja au miwili, asidhani notisi ya siku 28 inamtosha. Kanuni za ajira za 2007 zinamtaka amalize muda, au akubaliane na mwajiri kuuvunja mapema, isipokuwa mwajiri mwenyewe ameukiuka vibaya. Kwa mtu huyo swali la lini limekwisha jibiwa: ni siku mkataba unapoisha. Na kama mkataba una kiinua mgongo cha mwisho, kama mikataba mingi ya miradi, kutoka mwezi mmoja kabla ni kukiacha mezani.

Kuacha kwanza: inamfaa nani

Njia hii si ya wazembe kama wanavyosema wakubwa wa familia. Kuna kazi ambazo hazipatikani kwa barua pepe. Fundi magari, fundi umeme, mshonaji, mpishi, kinyozi na msusi, mtu wa mauzo Kariakoo: mwajiri anataka kukuona, akupe kazi ya siku mbili, aangalie mkono wako. Kutuma wasifu ukiwa Mwanza ni kupoteza bando. Kwa hawa, miezi minne ya kisio letu inaweza kuwa wiki tatu.

Inamfaa pia ambaye mwajiri wake hajalipa mishahara miezi kadhaa. Kungoja barua mpya huku unafanya kazi bure si kungoja, ni kukopesha. Lakini kabla ya kuondoka peleka dai lako kwa maandishi; Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ina ukomo wa siku 60 kwa madai ya kawaida na 30 kwa kuachishwa isivyo halali, na mtu aliyehama mkoa hukumbuka dai lake miezi minne baadaye.

Haimfai mwenye mkopo wa mshahara benki. Makato yanategemea mshahara kupita kwenye akaunti ile; ukikoma, benki inaweza kudai salio na kuanzia kwenye malipo yako ya mwisho, yale yale uliyopanga kulipia kodi. Bima ya mkopo mara nyingi inagusa kifo na ulemavu wa kudumu. Kujiuzulu hakumo.

Wala haimfai aliyemo SACCOS au VICOBA, vyama na vikundi vya kuweka na kukopa, akiwa amewadhamini wenzake. Hisa zako zimeshikwa mpaka wamalize kulipa, au mpaka apatikane mdhamini mwingine. Hili lianze kushughulikiwa miezi mitatu kabla, kwani kikao hukaa mara moja kwa mwezi na mweka hazina hana haraka yako. Kwenye mchezo wa kupeana zamu, kama umeshapokea, maliza kuchangia mzunguko ndipo uondoke. Ukihama na hela za watu, habari itakutangulia stendi ya Magufuli pale Mbezi.

Kupata kwanza: panapovuja

Kwa mhasibu, muuguzi, mwalimu wa shule binafsi, mtu wa kompyuta au wa maabara, hii ndiyo njia ya kawaida, na kwa maoni yetu ndiyo bora. Usaili wa kwanza siku hizi hufanyika kwa simu au video, na wa pili ukihitaji kusafiri, nauli yake haiwi mzigo. Lakini inavuja sehemu tatu.

Ya kwanza ni ahadi ya mdomo. "Njoo tu, utaanza tarehe moja" si ajira. Barua iwe na tarehe ya kuanza, kituo cha kazi, mshahara wa msingi ukiwa umetenganishwa na posho, muda wa majaribio, sahihi na mhuri. Usaili wa kuombwa hela ya fomu, ya sare au ya "kuharakisha faili" ni utapeli, hata kama nembo ya kampuni imepambwa vizuri.

Ya pili ni mshahara kusomwa vibaya. Milioni moja kwenye barua si milioni moja mfukoni. Ondoa NSSF asilimia 10, inabaki 900,000. Kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni Sh103,000 kwenye kiasi hicho. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh150,000. Kinachoingia benki ni Sh647,000, bado bima ya afya. Mtu anayetoka Mwanza akipokea 600,000 mkononi, akiishi kwenye nyumba ya Sh100,000 dakika kumi kutoka kazini, akaenda kupokea 647,000 akae Mbezi na kufanya kazi Posta, amejipunguzia mshahara. Linganisha kinachobaki baada ya kodi ya nyumba na nauli, si tarakimu ya juu ya barua.

Ya tatu ni tarehe. Mwajiri mpya anataka uanze Jumatatu. Wewe una siku 28 za notisi. Liseme hili kwenye usaili wenyewe, kabla ya barua kuandikwa. Mwajiri anayekasirishwa na notisi yako halali anakuonyesha jinsi atakavyokutendea siku utakayotaka kuondoka kwake.

Kuna faida moja ya njia hii ambayo watu wachache huitumia. Sheria inasema mkataba ukikomea mahali pengine na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anamrudisha yeye na mizigo yake, au analipa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku atakazosubiri usafiri. Aliyeitwa kutoka Mwanza akiwa Mwanza ana haki ya kuandikiwa Mwanza kuwa ndiyo mahali alipoajiriwa. Aliyekuja Dar mwenyewe, akakodi chumba Tabata, akaomba kazi kwa anwani ya Tabata, ameajiriwa Dar. Mizigo yake ni juu yake. Kwa hiyo omba ukiwa nyumbani, weka anwani ya nyumbani, na hakikisha mstari huo umo kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Sasa miezi mibaya ya njia hii. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, iwe mkataba umetaja muda wa majaribio au haukutaja. Anaweza kuambiwa "hatujaridhika" na ikaishia hapo, kwa notisi tu. Ndiyo maana kuhamisha mke au mume, watoto, kochi na friji katika mwezi wa kwanza wa kazi mpya ni kubeba mzigo wote kwenye daraja ambalo halijajaribiwa. Usilipe kodi ya mwaka mzima hata ukipewa punguzo. Miezi sita inatosha, na inakwenda sawa na hiyo miezi sita ya sheria.

Likizo ya kupima

Siku 28 za likizo ni za malipo, na hakuna anayekuuliza unazitumia wapi. Wiki tatu zinatosha. Wiki ya kwanza tembea mji saa za kazi, si Jumapili: panda gari kutoka unapofikiria kuishi hadi eneo la kazi saa 12 asubuhi, rudi saa 11 jioni. Kimara hadi Kivukoni kwa mwendokasi ni jambo moja. Goba hadi Masaki saa ya watu kutoka kazini ni jambo jingine kabisa. Wiki ya pili panga usaili na kuonana na watu. Ya tatu angalia nyumba lakini usilipe.

Ukifikia kwa ndugu, ingia na mchele na mafuta, na taja siku ya kuondoka siku ile ile uliyofika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu wa mjini naye analipa kodi.

Kasoro yake ni kwamba likizo hiyo ikishatumika haipo tena kwenye malipo ya mwisho. Mwenye mshahara wa msingi wa Sh600,000 anaacha karibu kiasi hicho hicho. Kama tayari unaujua mji, ulisoma huko au uliishi, ruka hatua hii.

Likizo bila malipo na uhamisho kwenda tawi jingine navyo vipo, hasa kwenye mabenki, kampuni za simu, hospitali na shule zenye matawi. Vyote vinategemea ridhaa ya mwajiri. Uhamisho ukikubaliwa ni bora kuliko njia zote zilizotajwa, kwani miaka yako ya utumishi haikatiki na ile miezi 6 ya hatari haianzi upya. Cha ajabu watu wanaacha kazi bila kuuliza. Ombi lipelekwe kwa maandishi kwa mkuu wako na nakala kwa rasilimali watu.

Dar na Dodoma hazina kalenda moja

Dar ni bandari, Kariakoo, makao makuu ya kampuni, viwanda. Ajira za ofisini hulala katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Ukiacha kazi Novemba uende "kuwahi mwaka mpya" utakula akiba kwenye sikukuu huku maofisa waajiri wako Moshi na Bukoba. Februari na Julai ni miezi yenye uhai zaidi. Nyumba, kinyume chake, itazame wakati wa masika, Machi hadi Mei, hata kama utahama baadaye. Nyumba ya bondeni jirani na mto Msimbazi inapendeza sana Agosti. Angalia ukuta wa nje, kimo cha goti: rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu, juu imebaki ya zamani, inaficha mstari wa maji. Nusa kabati la ukutani. Muulize mwenye duka wa jirani, si dalali, maji yalifika wapi mvua zilizopita.

Dodoma inaendeshwa na serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ni wa 1973, lakini ni baada ya tangazo la Julai 2016 ndipo wizara zilipohama kweli, na mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo kampuni zinazotegemea zabuni na miradi huanza kuongeza watu baada ya hapo. Bunge la bajeti linakaa Aprili hadi mwisho wa Juni. Miezi hiyo gesti hujaa, bei hupanda, madalali hawapokei simu ya mtu wa chumba cha bei ya chini. Oktoba na Novemba wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanarudi na vyumba vya Ng'ong'ona na Iyumbu hugombaniwa. Kilichobaki kwa anayetafuta nyumba kwa nafasi ni Julai hadi Septemba.

Kazi ikiwa Mji wa Serikali, Mtumba, usikodi Nkuhungu kwa sababu ni rahisi. Mtumba iko mashariki, kilomita zaidi ya 15 kutoka katikati ya mji, na Nkuhungu iko upande wa pili. Tazama Ihumwa, Nzuguni au Ilazo. Swali la kwanza kwa nyumba yoyote ya Dodoma ni maji hutoka siku gani za wiki, na kama kuna simtanki. Ukanda ni mkame na mgao ni sehemu ya maisha.

Treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma katikati ya 2024, imeongeza njia ya nne: kufanya kazi Dodoma huku familia imebaki Dar, ukirudi mwisho wa wiki. Safari ni kama saa tatu na nusu hadi nne. Kwa anayetoka Mwanza haisaidii kitu, lakini kwa aliyeko Dar anayepewa kazi Dodoma, inaahirisha uamuzi wa kuhamisha familia kwa gharama ya nauli tu.

Nyumba na mzigo, kwa ufupi

Usilipe nyumba uliyoiona kwenye picha za WhatsApp. Kuna vyumba vimelipiwa na watu watatu siku moja. Mwenye nyumba aonekane kwa sura, mkataba usainiwe serikali ya mtaa, na hela iende kwake, ya dalali kwa dalali. Nunua umeme wa Sh5,000 mkiwa pale pale na usome risiti ya Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla): kodi ya jengo hukatwa humo na ni kawaida, ila ukikuta mstari wa deni, unakaribia kulipa umeme wa mpangaji aliyehama. Uliza kama mita ni ya peke yako. Wapangaji watano kwenye Luku moja hugombana kila mwezi.

Kutoka Mwanza, kitanda cha mbao na makochi viuze. Godoro zuri, vyombo, nguo, televisheni na jiko vinasafiri. Malori yanayorudi Dar matupu hubeba kwa bei nafuu kuliko gari la kukodi peke yako, ila hayana siku maalumu ya kufika. Mtungi wa gesi usiupakie ukiwa na gesi. Uuze au umwachie ndugu.

Mtumishi wa umma

Usijiuzulu ili uhame. Uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipiwi gharama, lakini cheo na miaka vinabaki; wa kuhamishwa na mwajiri una posho ya usumbufu na usafiri. Kubadilishana na mwenzako wa kada ileile aliye Dodoma au Dar kunakwenda haraka kuliko ombi la peke yako, kwani hakuna kituo kinachobaki na pengo. Ukiomba nafasi nyingine serikalini ukiwa mtumishi, barua ipitie kwa mwajiri wako. Aliyejiuzulu akarudi kuomba anaanza foleni mwanzoni, pamoja na wahitimu wa mwaka huo.

Tarehe, kwa kuhesabu kurudi nyuma

Tuseme barua ya ajira ya Dodoma inasema 1 Agosti. Notisi ikabidhiwe 30 Juni, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Siku 28 zinaisha 28 Julai. Ndani ya siku hizo fanya makabidhiano kwa maandishi, chukua hati ya utumishi (ni haki yako kisheria), na pata taarifa ya michango NSSF uone kama miezi yote imepelekwa. Kumfuatilia mwajiri wa zamani kutoka mkoa mwingine ni kazi ya kuchosha. Namba ya NSSF ni ile ile, usifungue nyingine. Julai 29 hadi 31 ni safari. Bunge limeshaahirishwa, wiki ya kwanza unakaa gesti, unachagua nyumba kwa utulivu na kulipa miezi sita, hadi mwisho wa Januari.

Mwisho huo wa Januari ndio pia unaotimiza miezi 6 kazini, na shule zinakuwa zimefunguliwa mwezi huo huo. Familia ije kwa muhula huo kama kazi imekaa sawa. Mtoto aliyekwisha kusajiliwa mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne aachwe amalize alipo, namba yake ya mtihani imefungwa na kituo. Wengine, barua za uhamisho zianze kuombwa Oktoba: inahitajika nafasi kutoka shule mpya, ruhusa ya shule ya zamani na sahihi za maofisa elimu wa pande zote mbili, na ifikapo Desemba mwalimu mkuu hayupo ofisini.